Wanafunzi Watu Wazima na Kazi Wanazozitafuta

Hotuba ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama. Yachapishwa hapa kwa kuombwa na wengi walioisikia, na kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.



Nimeombwa niseme juu ya wanafunzi wa madarasa ya jioni, ambao wengi wenu mwawajua kwa nyuso, kwani ndio wanaoingia katika ukumbi huu wakati sisi tutokapo makazini, na madaftari yao wameyachukua ndani ya vikapu vya sokoni. Juu ya masomo yao sitasema neno, maana hayo yana waalimu wake. Nitasema juu ya jambo linalokuja nyuma ya masomo, yaani kazi. Mtoto akimaliza kidato cha nne ana baba na mama wa kumfikiria. Lakini mwanafunzi wa miaka 38 yeye ndiye baba au mama, na watoto nyumbani wamngoja awaambie shule ile imeleta kitu gani.

Nimesikia wenzetu wengine wakisema kwamba shughuli hii si yetu. Kwamba kazi ya karani ni majalada na barua, na mwenye kutaka kazi na asome matangazo kama sisi tulivyosoma. Nawaheshimu, walakini sikubaliani nao. Chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Bwana Martin Kayamba na wenzake kilikuwa cha watu wachache waliojua kusoma na kuandika katikati ya wengi wasiojua, na jambo hilo peke yake liliwatwika mzigo. Leo wasiojua kusoma ni wachache kuliko wakati ule, lakini wasiojua namna ofisi inavyofanya kazi ni wengi mno. Mtu aweza kusoma tangazo la kazi neno kwa neno na asijue lasema nini. Sisi twajua, kwa kuwa ndio tunaoyapiga chapa.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu walikwenda darasani chini ya miembe ili wajue kusoma na kuandika, kupima mbolea, na kuchemsha maji ya kunywa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere na kupata sheria yake yenyewe mwaka 1975, ilikuwa katikati ya kazi ile. Mtu mzima wa siku zile hakuuliza cheti kitamfikisha wapi. Wa leo auliza, tena auliza kabla hajalipa ada. Wako wanaomwona mroho kwa kuuliza hivyo. Mimi namwona mwenye akili, maana saa mbili za jioni azitumiazo kwenye hesabu na Kiingereza amezitoa katika biashara yake au katika usingizi wake.

Njia yenyewe mwaijua. Asiyefaulu mtihani wa kidato cha pili, au asiyeufanya kabisa, hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao twauita kwa herufi QT. Akifaulu huo ndipo aruhusiwapo kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye bidii aweza kuimaliza safari hii kwa miaka miwili. Wengi huchukua mitatu au minne, kwa kuuguza, kwa kujifungua, kwa mvua, na kwa kukosa ada ya mtihani mwezi uandikishaji ufunguliwapo.

Sasa tazameni hesabu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida yasema kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari katika utumishi. Wanafunzi hulisoma sharti hilo kama ukali usio na maana. Lakini mtumishi wa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na mfuko wa pensheni wataka michango ya miezi 180. Toeni 45 katika 60, mbaki na miaka 15, na miaka 15 ndiyo miezi 180. Basi mtu wa miaka 41 aanzaye darasa la jioni leo, akataka pia kwenda chuo baada ya kidato cha nne, hana mwaka wa kupoteza. Wa miaka 44 mlango huo umemfungia, na hapana barua ya karani yeyote itakayoufungua. Yatupasa kumwambia siku ya kwanza, kwa upole na kwa maneno yasiyozunguka. Najua si desturi yetu kumvunja mtu moyo. Lakini kumwacha asome miaka mitatu akitazamia meza ya serikali ambayo haipo, na sisi tukijua, ni kumdhulumu.

Mara nyingi mwanafunzi aulizwapo ataka kazi gani, hujibu, "Kazi yoyote." Jibu hilo ni la adabu, na halina faida. Hakuna ofisi iliyopata kutangaza nafasi ya kazi yoyote. Kwa hiyo nawasihi mliokubali kuwasaidia msianze kwa kuuliza anataka nini. Anzeni kwa kuuliza amefanya nini. Na hapa ndipo penye kazi kubwa, maana mtu mzima hahesabu aliyoyafanya kuwa kitu.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja aliyekuwa amefaulu masomo manne. Nilimwuliza amefanya kazi gani, akasema, "Mimi sina kazi, baba, napika tu shuleni." Nikamwomba anieleze siku yake tangu alfajiri. Kumbe huyo asiye na kazi hupokea mahindi na maharage kwa mizani, huandika katika daftari yaliyoingia na yaliyotoka, hukadiria chakula cha watoto zaidi ya mia tatu pasipo kumwaga wala kupungukiwa, huwaongoza wasaidizi wawili, na ni yeye aliyegundua kwamba magunia ya muuzaji fulani hupungua uzito. Amefanya hivyo miaka kumi na moja. Mabwana, huyo ni mtunza ghala aliyefichwa na moshi wa kuni. Ilinichukua saa nzima kuyapata hayo, na hakuyatoa mpaka nilipoacha kuuliza maswali ya fomu. Tuliyaandika kwa lugha nyepesi katika maelezo yake binafsi, na mwalimu mkuu akakubali kuwa mdhamini wake. Hakupata kazi ya kwanza aliyoomba, wala ya pili. Ya tatu ilikuwa katika ghala la hospitali moja ya binafsi, nayo aliipata kwa sababu ya lile daftari la mahindi alilokwenda nalo kwenye usaili.

Nimetaja maelezo binafsi, basi niseme kidogo juu ya wale wauzao karatasi hizo madukani. Kila duka la steshenari la mji huu lina maelezo binafsi tayari ndani ya kompyuta, na kinachobadilishwa ni jina na namba ya simu. Ndiyo maana mwendesha bodaboda, mshona nguo na mlinzi wa usiku wote hupenda kusoma vitabu na kutazama mpira, wote waweza kufanya kazi katika mazingira magumu, na wote wamekosea neno lile lile la Kiingereza katika mstari wa tatu. Aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza akizifungua bahasha hizo ajua jinsi zinavyochosha. Silaumu wenye maduka, wanauza kinachonunuliwa. Lakini hapa ndani ya chumba hiki pana watu wasiopungua arobaini waliokula mkate kwa kuandika barua miaka mingi, na ni aibu kwa mwanafunzi anayesomea ukumbini mwetu kwenda kununua barua ya makosa kwa fedha.

Barua ya kuomba kazi haina uchawi. Itaje tangazo na kumbukumbu namba yake. Iseme ni nafasi gani. Iseme mwombaji ana sifa zipi kati ya zile zilizotajwa, kwa utaratibu ule ule wa tangazo. Iwe na sahihi, maana barua zisizo na sahihi ni nyingi kuliko mnavyodhani. Maneno ya kujinyenyekeza kwa mistari sita hayajampatia mtu kazi. Wala habari za shida za nyumbani, ingawa ni za kweli, hazina mahali pake pale. Mwenye kuajiri hana safu ya kuandika shida.

Jambo la vyeti ni gumu zaidi, na ndilo linalowaangusha wengi baada ya kazi yote. Mtu aliyezaliwa kijijini aliandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu. Alipopata cheti cha kuzaliwa, akiwa mtu mzima, aliandika jina la baba. Kitambulisho cha Taifa kikaja na herufi moja tofauti. Kwenye mtihani akatumia jina la ubatizo ambalo halimo popote. Kwa yeye mwenyewe huyo ni mtu mmoja. Kwa jalada ni watu wanne, na mfumo wa maombi wa Sekretarieti, ambao huanza na namba ya Kitambulisho cha Taifa, hauna huruma ya kuuliza. Iko njia ya kisheria ya kuyalinganisha majina, kwa hati iliyosajiliwa, nayo hutaka muda na fedha. Ni rahisi mara mia kulitengeneza kabla ya mtihani kuliko baada yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba, lakini watahiniwa wa kujitegemea huanza kujiandikisha mapema mwaka ule ule, tangu Januari. Kwa hiyo mwezi wa Desemba ndio wa kukaa na kila mwanafunzi, kuziweka karatasi zake zote juu ya meza, na kusoma majina herufi kwa herufi. Kazi hii haina sifa wala haipigiwi makofi. Lakini ni kazi ya karani hasa, na hakuna aiwezaye kutupita.

Tena waambieni kwamba hati ya matokeo si cheti; matangazo mengi husema wazi kwamba hati za matokeo na barua za kuthibitisha hazitapokelewa. Mwenye cheti aende kukichukua mwenyewe, asikiache kituoni miaka miwili kwa kuona uvivu wa nauli.

Niwakumbushe jambo ambalo limetugusa sisi wenyewe. Tangu tarehe 20 Mei 2004 Serikali iliweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuingia katika utumishi. Mwaka 2017, wakati wa uhakiki wa vyeti, watumishi wa darasa la saba waliondolewa kazini, wamo madereva na wahudumu tuliokunywa nao chai. Na mwaka 2018 Serikali ikaagiza wale walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe. Walioingia baada yake pasipo sifa hawakuwa na kimbilio hilo. Baadhi ya wanafunzi wetu wa jioni ni wa kundi hilo, tena ni mafundi wa kazi yao. Chukueni dereva: tangazo la Dereva Daraja la Pili lataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, uzoefu wa kuendesha pasipo kusababisha ajali, na mafunzo ya udereva katika chuo kama VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Mtu ameendesha lori kutoka Tanga mpaka Kigoma miaka ishirini, na kinachomzuia ni karatasi moja. Kwake yeye darasa la jioni si pambo. Na huyo ndiye apaswaye kupewa mpango ulioandikwa: mwaka huu QT, mwaka ujao kidato cha nne, na fedha za kozi ya udereva zianze kuwekwa sasa, si baada ya matokeo.

Vivyo hivyo mwenye kutamani kuwa Mtendaji wa Kijiji asidhani kidato cha nne chatosha. Hutakiwa pia awe na cheti cha chuo, katika utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani nyingine zilizotajwa, na Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo ni mojawapo ya vyuo vinavyotoa mafunzo hayo. Ahesabu miaka yake kabla ya kuchagua.

Je, wale waliopita miaka 45? Nimeulizwa swali hili kwa sauti ya huzuni, kana kwamba naulizwa habari za marehemu. Waajiri wa binafsi hawafungwi na sharti lile, na wengine humtaka mtu mwenye mvi kwa sababu haendi kulewa siku ya mshahara. Tena fundi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake chini ya mti, awe mwashi, seremala, fundi magari au mpishi, aweza kupimwa na VETA juu ya ujuzi alio nao na kupewa cheti, pasipo kuanza chuo upya. Hutazamwa akifanya kazi, huulizwa, na anapopungukiwa hufundishwa. Mpango huu haujulikani vya kutosha. Nimekutana na mafundi waliodhani ni uzushi. Cheti hicho humsaidia pale mkandarasi mkubwa atakapo watu wenye karatasi.

Na mwenye kutaka biashara yake asiende peke yake. Halmashauri zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, nayo hutolewa zaidi kwa vikundi vilivyosajiliwa. Kikundi chataka katiba, kumbukumbu za mikutano, na daftari la fedha lisilotia shaka. Nani katika mji huu ajuaye kuandika kumbukumbu za mikutano kuliko ninyi?

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu hamtapenda, lakini sitapapita. Mwanafunzi ajuapo kwamba wewe ni karani wa ofisi fulani, haombi mafundisho, huomba "mpango". Hunong'ona. Pengine huja na bahasha, pengine na kuku. Jibu la kwanza na liwe hapana, tena liwe kubwa la kusikika. Msaada wetu wakoma mlangoni pa ofisi: twamwonyesha tangazo, twamsomea barua, twamfanyia usaili wa majaribio, basi. Aliye na sehemu katika usaili wa nafasi fulani asimsaidie mwombaji wa nafasi hiyo, na akimjua aseme mbele ya wenzake. Bila mpaka huu, katika miezi sita watu watasema darasa letu ni duka la ajira, nao watakuwa wamesema kweli.

Habari za vyeti vya kughushi hazihitaji maneno mengi. Mwaka 2017 uhakiki wa Serikali ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na sote twakumbuka viti vilivyobaki wazi asubuhi ile. Mwanafunzi akikuuliza bei ya cheti, mwonyeshe hesabu hiyo.

Ziko na zile barua za simu, ziletazo habari njema kwamba umechaguliwa kazi bandarini au katika shirika kubwa, ila utume kwanza fedha za fomu, au za sare, au za kipimo cha afya, kwa namba hii. Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu fedha kwa kuomba kazi. Mtu mzima hutapeliwa upesi kuliko kijana, si kwa ujinga, bali kwa haya. Ameomba mara nyingi, amekataliwa, na hapendi kumwuliza mwanawe kama ujumbe ule ni wa kweli. Awe na mtu wa kumwuliza pasipo kuona aibu. Hilo nalo ni sehemu ya kazi tunayowaombeni.

Mpango tunaoupendekeza kwa Halmashauri ya Chama ni huu. Kila mwanachama atakayejitolea apewe wanafunzi wawili, asipewe zaidi, maana zaidi ya wawili hugeuka kuwa orodha. Akae nao mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi baada ya saa nane, hapa ukumbini na si nyumbani kwa mtu. Mkutano wa kwanza uwe wa kusikiliza maisha ya mwanafunzi na kuyaandika. Wa pili uwe wa vyeti na majina. Inayofuata mtaipanga wenyewe kwa kadiri ya mtu mliyempata. Dereva na mpishi hawana safari moja. Matangazo mapya yabandikwe ubaoni kila Jumatatu, na tarehe ya mwisho ya kuomba iandikwe kwa kalamu nyekundu. Mwenye kompyuta ofisini asitumie ile ya Serikali kwa shughuli hii. Chama kinayo moja, ni nzee lakini yaandika.

Wanafunzi waliojiandikisha mpaka jana ni thelathini na wanne, na kati yao sita wana miaka 42 au zaidi. Naomba hao sita wapate watu leo, kabla hatujaondoka. Daftari liko mbele ya Bwana Katibu, na kalamu iko juu yake.